Neno Limevuka, Mwenye Neno Yuko Mpakani: Mtandao na Safari katika Nchi za Kiarabu

Tangu utandawazi uanze kuhubiriwa katika kumbi za mihadhara na kurasa za magazeti, pana kauli moja ambayo imerudiwa hadi ikazoeleka kama salamu: kwamba dunia imekuwa kijiji, na kwamba mtandao wa intaneti umeiondoa mipaka iliyochorwa na wakoloni na kulindwa na warithi wao. Kauli hii ina utamu wake. Aghalabu anayeitoa huwa ameketi mbele ya tarakilishi, wala hajasimama kwenye foleni ya kituo cha mpakani huku pasipoti ikimlowa jasho mkononi. Ingefaa basi kauli yenyewe ipimwe mahali ambapo ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa kweli, na mahali hapo ni katika nchi za Kiarabu.

Nchi hizi zina mambo ambayo majirani wengine duniani huyatamani tu. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu iliasisiwa jijini Cairo mwezi Machi mwaka 1945, miezi kadhaa kabla ya Umoja wa Mataifa, na ina wanachama 22. Lugha ya maandishi ni moja toka ufuo wa Atlantiki hadi Ghuba. Mtu wa Rabat na mtu wa Muscat wanaweza kulisoma gazeti lile lile pasipo mkalimani, jambo ambalo Mkenya na jirani yake wa Ethiopia hawaliwezi. Ndoa, biashara na hija zimewachanganya watu hawa kwa karne nyingi. Kama kweli intaneti ina nguvu ya kuvunja mipaka, basi ingeanza na hii.

Yaliyotokea katika miongo mitatu iliyopita yanaonyesha jambo jingine. Mtandao uliwaketisha Waarabu katika baraza moja, wakasikilizana, wakabishana na kutaniana kama watu wa mtaa mmoja. Mpaka nao ulibaki pale pale, ila ulijifunza kusoma. Makala haya yanashikilia kwamba katika nchi hizi neno la mtu limekuwa likimtangulia safarini, likafika mezani pa afisa wa uhamiaji kabla ya mwenyewe kuteremka garini, na kwamba hilo ndilo badiliko kubwa ambalo wasifu wa utandawazi hawakulitarajia.

Ikumbukwe kwamba intaneti haikuingia katika nchi hizi kwa mlango mmoja. Tunisia iliunganishwa mwaka 1991, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika na za Kiarabu. Saudia ilisubiri hadi mwaka 1999 ndipo ikawafungulia raia wake, na hata hapo mawasiliano yote yalipitishwa katika kituo kimoja jijini Riyadh, kwenye taasisi ya sayansi na teknolojia inayoitwa kwa jina la Mfalme Abdulaziz, ambako kurasa zilizowachukiza wakubwa zilizuiwa. Wenye pesa hawakungoja ruhusa. Kabla ya mwaka huo walipiga simu za masafa marefu kwa makampuni ya nchi za nje, wakalipia kila dakika, ili tarakilishi zao zipate njia. Hivyo basi safari za mwanzo za Wasaudia mtandaoni zilikuwa safari za kuvuka mpaka hasa, japo kwa waya wa simu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kipindi hicho kina kivutio chake cha pekee. Rununu na tarakilishi nyingi za mwanzo hazikuwa na herufi za Kiarabu, nao vijana hawakuwa tayari kunyamaza kwa sababu ya upungufu wa mashine. Walichukua herufi za Kilatini, na pale zilipowapungukia wakakopa tarakimu zinazofanana kwa umbo na herufi zao: 3 ikawa ain, 7 ikawa ha nzito ya kooni, 2 ikawa hamza. Maandishi hayo hujulikana kama Arabizi. Waswahili wana kila sababu ya kutabasamu hapa. Kwa karne kadhaa waandishi wa tenzi za Lamu na Pate waliiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu, wakitaabika kwa kukosa p, ch, g na v; leo hii ni zamu ya mwana wa Kiarabu kutaabika kuiandika ain yake kwa herufi za Mzungu. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo iliinunua Maktoob, kampuni ya Jordan iliyokuwa imewapa Waarabu barua pepe katika lugha yao, na mwaka huo huo Facebook nayo ikaanza kutumika kwa Kiarabu. Tarakimu hazikutoweka. Zilikuwa zimekwisha kuwa mtindo.

Faida ya kweli ya baraza hilo ilikuwa kusikilizana. Hapo awali lahaja iliyosikika kila mahali ilikuwa ya Misri, kwa sababu ya filamu na nyimbo zake. Mtu wa Ghuba angeweza kuishi maisha yake yote bila kuisikia lahaja ya Moroko kutoka kinywani mwa Mmoroko. Mtandao ulizichanganya lahaja hizo kwenye uga mmoja, zikachekana na kufunzana. Anayesema kwamba haya ni mambo madogo hajui jinsi dharau ya lahaja inavyoweza kuwatenga watu wa lugha moja.

Fasihi iliyaona mambo haya mapema. Mwaka 2005 jumba la uchapishaji la Dar al-Saqi la Beirut lilitoa riwaya ya Banat al-Riyadh, yaani Wasichana wa Riyadh, ya Rajaa Alsanea, msichana wa Kisaudia aliyesomea udaktari wa meno. Riwaya hiyo imejengwa kwa barua pepe. Msimulizi asiyejitaja jina huwatumia Wasaudia wenye anwani mtandaoni, kila Ijumaa, kisa cha marafiki wanne wa kike. Na kabla ya kukiendeleza kisa hicho huyagusia majibu ya waliosoma barua iliyotangulia, wengine wakimsifu, wengine wakimkemea na kumtaka anyamaze. Mbinu ya nyaraka si ngeni katika fasihi, lakini hapa imepewa kazi mpya. Mwanamke anazungumza mbele ya nchi nzima na uso wake hauonekani. Pazia ni lile lile la kale. Limebadilishwa kitambaa tu.

Tazama sasa kilichokipata kitabu chenyewe. Ndani ya hadithi, barua za msimulizi zinaenea Saudia yote kwa muda wa kufumba na kufumbua. Nje ya hadithi, kitabu cha karatasi na gundi kilichapishwa Lebanon, na hapo mwanzo hakikuruhusiwa kuuzwa katika nchi kinayoisimulia. Wasomaji walikipata kwa magendo na kwa kuazimana. Isitoshe, wahusika wake hawatosheki na tarakilishi. Mmoja aliyevunjika moyo anakimbilia London, mwingine aliolewa akapelekwa Chicago, mwingine anahamia Dubai akaanze maisha upya. Mwandishi huyo kijana alilijua jambo ambalo maprofesa wengi wa utandawazi walilisahau, kwamba binadamu ana mwili, na mwili una haja ya kwenda.

Kwenda, katika eneo la Ghuba, kulikuwa kwepesi kwa muda mrefu, na ni haki kulisema hilo waziwazi. Baraza la Ushirikiano wa Ghuba liliasisiwa mwaka 1981 na nchi sita, yaani Saudia, Kuwait, Bahrain, Qatar, Oman na Falme za Kiarabu, na raia wake walifikia hatua ya kuvuka mipaka ya wenzao kwa kitambulisho cha kitaifa pekee. Daraja la Mfalme Fahd, lenye urefu wa kilomita 25 hivi juu ya bahari kati ya Saudia na Bahrain, lilifunguliwa mwaka 1986. Kwa zaidi ya miongo mitatu Saudia haikuwa na majumba ya sinema, hadi yaliporuhusiwa tena mwaka 2018. Katika miaka hiyo familia ziliingia garini mwishoni mwa juma zikavuka daraja kwenda kutazama filamu Bahrain. Filamu hizo hizo zilipatikana mtandaoni na katika sahani za satelaiti. Watu walikwenda hata hivyo, kwa sababu kuketi gizani pamoja na halaiki, kucheka pamoja na kunywa soda nje baadaye ni jambo ambalo hakuna waya unaoweza kulileta nyumbani.

Wepesi huo ulikuwa wa raia, bila shaka. Mfanyakazi wa kigeni aliyefungwa na mfumo wa kafala, awe Mkenya, Mhindi au Mfilipino, aliliona daraja kwa mbali. Saudia ilimtaka awe na idhini ya mwajiri ili atoke nchini hadi marekebisho ya Machi 2021. Hilo linastahili makala yake lenyewe.

Kisha ukaja mwaka 2017. Yaliyotokea mwaka huo yanafaa kufundishwa katika kila darasa linalozungumzia mtandao na siasa, kwa kuwa ndipo ilipobainika jinsi neno lisilo na mwenyewe linavyoweza kuufunga mpaka. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Mei, tovuti ya Shirika la Habari la Qatar ilivamiwa, na maneno yakawekwa kinywani mwa Amiri wa nchi hiyo, Sheikh Tamim bin Hamad Al Thani, ya kuisifu Iran na kuwaudhi majirani. Qatar ilikanusha usiku huo huo, ikaeleza kwamba tovuti yake imedukuliwa. Runinga za Saudia na Falme za Kiarabu ziliendelea kuyatangaza maneno hayo kana kwamba hazikusikia. Tovuti ya Al Jazeera, kituo kilichoanzishwa Doha mwaka 1996 na ambacho watawala wengi wa Kiarabu hawakipendi, ilifungiwa katika nchi hizo. Chuki baina ya tawala hizi ilikuwa ya zamani, na haitakuwa kweli kusema kwamba maneno ya kughushi peke yake yaliileta. Lakini ndiyo yaliyotumika kama kiberiti.

Tarehe 5 Juni 2017 Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar. Raia wa Qatar waliokuwa katika nchi tatu za Ghuba walipewa siku 14 waondoke, na raia wa nchi hizo waliokuwa Qatar wakaamriwa warudi kwao. Qatar ina mpaka mmoja tu wa nchi kavu, wa Salwa upande wa Saudia na Abu Samra upande wake, na ulifungwa. Maelfu ya ngamia wa Wakatari waliokuwa wakilishwa katika malisho ya Saudia walifukuzwa, wakarundikana mpakani kwenye jua kali. Mwezi uliofuata Qatar ilianza kuleta ng'ombe wa maziwa kutoka Ujerumani kwa ndege. Ng'ombe wa Kijerumani, basi, waliipata njia ya kuingia Doha katika majira ambayo shangazi wa Kibahraini hakuipata.

Ili uzito wa jambo hili ueleweke, ni sharti sheria za uraia za Ghuba zikumbukwe. Katika nchi hizi mtoto kwa kawaida hufuata uraia wa baba. Mwanamke wa Qatar aliyeolewa na mwanamume wa Bahrain huzaa Wabahraini, hata kama wamezaliwa na kulelewa Doha na hawajui kwingine. Amri ya Juni 2017 ilipotoka, nyumba moja ilijikuta ina wageni na wenyeji: mama abaki, watoto waondoke. Baada ya siku chache tawala hizo zilitangaza nambari za simu za kupigiwa na familia zilizochanganyika, na hiyo ndiyo huruma iliyopatikana. Udugu wa damu uligeuzwa kuwa ombi linalosubiri jibu kwa simu.

Je, familia hizo si zingalikuwa na mtandao wa kuzungumzia? Hapa ndipo uovu ulipokamilika. Tarehe 7 Juni mwanasheria mkuu wa Falme za Kiarabu alitangaza kwamba yeyote atakayeionea Qatar huruma, iwe kwa ujumbe wa Twitter, kwa maandishi mengine mtandaoni au kwa kauli ya mdomo, angekabiliwa na kifungo cha kati ya miaka 3 na 15 pamoja na faini isiyopungua dirhamu 500,000. Bahrain nayo ikatangaza kifungo cha hadi miaka 5. Binamu aliyeko Dubai alikuwa na rununu ya kisasa, ana intaneti ya kasi kuliko ya nchi nyingi za Ulaya, na hakuthubutu kuandika kwamba anamkumbuka binamu yake wa Doha. Mpaka ulikuwa umehama Salwa, umeingia mfukoni mwake. Mwaka uliofuata hata hija iliingia katika mzozo wa wavuti: Saudia na Qatar zilishutumiana kuhusu tovuti ya kuwaandikisha mahujaji wa Qatar, kila upande ukidai ni mwenzake aliyeifunga njia. Mzozo wote ulimalizwa kwa maafikiano ya al-Ula, tarehe 5 Januari 2021, na siku chache baadaye magari yakaanza tena kupita Salwa. Viongozi walikumbatiana mbele ya kamera. Amri ilitoka juu ya kufunga, amri ikatoka juu ya kufungua, na katika nyakati zote mbili hakuna aliyeulizwa miongoni mwa waliotenganishwa.

Upande wa magharibi, Moroko na Algeria zina kisa kirefu kuliko hiki. Mwezi Agosti mwaka 1994 hoteli ya Atlas Asni jijini Marrakech ilishambuliwa kwa risasi. Moroko iliihusisha Algeria na shambulio hilo, ikawawekea Waalgeria masharti ya viza. Algeria ikajibu kwa kuufunga mpaka wa nchi kavu. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu viongozi wa nchi hizo, pamoja na wa Tunisia, Libya na Mauritania, watie saini jijini Marrakech mkataba wa kuunda Umoja wa Nchi za Maghreb, wakaahidi watu wao kutembeleana bila kizuizi. Viza ziliondolewa na Moroko mwaka 2004 na Algeria mwaka 2005. Mpaka haukufunguliwa. Mwaka 2021 Algeria ilikata uhusiano wa kibalozi na kuifunga anga yake kwa ndege za Moroko, na Septemba 2024 ikarudisha viza kwa Wamoroko.

Kituo cha mpakani kati ya Oujda na Maghnia huitwa Zouj Bghal, maana yake nyumbu wawili, na jina hilo ni la kejeli isiyokusudiwa, kwani kwa miaka mingi waliovuka pande hizo ni wanyama waliobebeshwa petroli ya magendo kutoka Algeria. Kaskazini zaidi, karibu na Saïdia, nchi hizo zinatenganishwa na kijito cha Wadi Kiss. Barabara zinapita sambamba, moja kila upande, na pana mahali ambapo familia huja kusimama zikapungiana mikono na kuitana kwa sauti juu ya maji ambayo mtu mzima angeyavuka kwa hatua chache. Watu hao wana rununu. Wanaweza kuonana uso kwa uso kwenye kioo saa yoyote ya mchana au usiku. Hata hivyo wanapanda gari, wanaendesha hadi kwenye kijito, ili wamwone ndugu kwa macho yao akiwa mdogo kama kidole upande wa pili, na wasikie sauti yake ikija na upepo. Hoja nzima ya makala haya imo katika kitendo hicho.

Mwaka 2019 Algeria ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika, mashabiki wa pande zote mbili walikusanyika hapo mpakani wakishangilia ushindi mmoja, na maneno khawa khawa, yaani ndugu kwa ndugu, yakasikika kama yalivyokuwa yamesikika mtandaoni kwa muda mrefu. Lakini mtandao huo huo umejaa pia matusi ya Mmoroko kwa Mwalgeria na ya Mwalgeria kwa Mmoroko, juu ya Sahara Magharibi, juu ya kuskusi ni ya nani, juu ya mavazi na vigae. Yamkini vijana hawa waliozaliwa baada ya 1994 wanatukanana kwa wepesi kwa sababu hawajawahi kula pamoja. Babu zao walikuwa na sababu nyingi za kugombana, lakini walikwenda harusini kwa wenzao, na mtu huona haya kumtusi aliyemlisha. Mwezi Agosti 2023 vijana waliokuwa wakiendesha pikipiki za majini kutoka Saïdia walipotea baharini, wakajikuta upande wa Algeria. Askari wa pwani waliwafyatulia risasi, wawili wakafa. Hapo hapakuwa na mtandao wala matusi. Palikuwa na mstari juu ya maji ambao haukuonekana kwa macho.

Visa vya mpaka unaosoma ni vingi, na viwili vinatosha. Mwishoni mwa Novemba 2014 Loujain al-Hathloul, Msaudia mwenye leseni ya udereva ya Falme za Kiarabu, aliendesha gari lake hadi mpaka wa Saudia, nchi ambayo wakati huo haikuwaruhusu wanawake kuendesha. Alisimulia safari hiyo kwenye Twitter hatua kwa hatua. Alizuiwa, pasipoti ikachukuliwa, na alikaa kizuizini siku 73. Mwanahabari Maysa al-Amoudi aliyemfuata mpakani alizuiwa vilevile. Mwaka 2018 al-Hathloul alikamatwa Abu Dhabi akapelekwa Saudia kwa ndege, na Mei mwaka huo akatiwa gerezani, wiki chache kabla ya wanawake kuruhusiwa kuendesha magari. Alitoka Februari 2021 akiwa amepigwa marufuku ya kusafiri. Leseni yake ilikuwa halali, na ushirikiano wa Ghuba ulifanya kazi barabara: ulimrudisha.

Kisa cha pili ni cha mshairi. Abdulrahman al-Qaradawi, Mmisri mwenye uraia wa Uturuki, alikwenda Damascus baada ya utawala wa Bashar al-Assad kuanguka mnamo Desemba 2024. Akiwa katika Msikiti wa Umayya alijirekodi kwa video, akaisambaza, na ndani yake aliwakosoa watawala wa Misri, Saudia na Falme za Kiarabu. Tarehe 28 Desemba alivuka kuingia Lebanon katika kituo cha Masnaa, akakamatwa. Serikali ya Lebanon iliidhinisha akabidhiwe Falme za Kiarabu, na tarehe 8 Januari 2025 akapelekwa huko. Hesabu ya nchi zilizohusika inastaajabisha. Raia wa Misri na Uturuki alisema maneno Syria, akashikwa Lebanon, akapelekwa kwa wakuu wa nchi ambayo si yake na ambako hakuwa ameyasemea. Chombo kilichotumika kuomba kukamatwa kwake ni Baraza la Mawaziri wa Mambo ya Ndani wa Nchi za Kiarabu, lililoanzishwa mwaka 1982 na lenye makao yake Tunis. Umoja wa Kiarabu, ambao umeshindwa kumvusha mwanafunzi kutoka Oujda hadi Tlemcen, ulimvusha mshairi kutoka Beirut hadi Abu Dhabi kwa siku 11.

Watetezi wa mpangilio huu hutaja usalama, na si busara kuwapuuza. Nchi hizi zimeonja mabomu, na hati ya kumkamata muuaji aliyekimbilia kwa jirani ni jambo la haki. Lakini hati ya muuaji na hati ya msema maneno zinapopita kwenye ofisi moja, kwa utaratibu mmoja, bila hakimu kuuliza mtuhumiwa alifanya nini hasa, basi neno usalama limekuwa guo la kufunikia mambo mengine. Mawaziri wa Tunis wangeweza kuamua kesho kwamba hawatasambaza hati yoyote inayotokana na kauli. Haingewagharimu hata dirhamu moja.

Wapo pia wenye hoja ya upole zaidi, kwamba mtandao walau hupunguza uchungu: bibi humwona mjukuu kwenye kioo, na harusi hutazamwa kutoka mbali. Ni kweli, na asiye na jamaa ng'ambo ya mpaka uliofungwa asilidharau hilo. Hata hivyo hoja hii huwapendeza mno wanaofunga mipaka, maana huwaondolea lawama. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anajua kuwa udugu una kazi ambazo hazifanywi kwa sauti. Maiti huoshwa kwa mikono, hubebwa kwa mabega, hufukiwa na waliohudhuria. Katika miaka 27 iliyotangulia kukatwa kwa uhusiano, mtu wa Oujda aliyefiwa Tlemcen, mji ulio mwendo mfupi tu wa gari, alilazimika kupanda ndege kupitia Casablanca na Algiers. Baada ya 2021 amelazimika kupitia nchi ya tatu, Tunisia au Ufaransa. Mwenye nauli hufika baada ya maziko. Asiye na nauli hutazama kwenye rununu.

Wana Afrika Mashariki wasilisome hili kama kisa cha wengine. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka kwa vitambulisho vya kitaifa, kama walivyofanya wa Ghuba kabla ya 2017, na mwezi Februari 2019 kituo cha Gatuna kati ya Rwanda na Uganda kilifungwa kwa ugomvi wa wakubwa, kikafunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Wepesi wa kusafiri uliotolewa kama fadhila hunyang'anywa jioni moja. Unaostahili kudaiwa ni ule ulioandikwa katika sheria, ambao jaji anaweza kuulinda dhidi ya waziri, na ambao hauulizi msafiri aliandika nini wiki iliyopita.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Kombe la Dunia lilichezwa Qatar, na barabara ya Salwa, iliyokuwa imefungwa kwa miaka mitatu na nusu, ilijaa magari ya Wasaudia waliovuka kwa kadi ya Hayya, kibali kilichoombwa mtandaoni na kubebwa kwenye rununu. Walikwenda kuishangilia timu yao iliyowashinda Argentina, na baadaye wakaishangilia Moroko, timu ya kwanza ya Kiafrika na ya Kiarabu kufika nusu fainali. Kituo cha Zouj Bghal kilikuwa katika mwaka wa 29 wa kufungwa.